Pembetatu au duara, majedwali au kikokotoo: njia ipi ikufae kujifunza trigonometria

Sini, kosini na tanjenti zina milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni pembetatu mraba, yaani yenye pembe mraba moja (nyuzi 90): unapima pande na kugawanya upande mmoja kwa mwingine. Wa pili ni duara kizio, yaani duara lenye nusukipenyo cha 1: unazungusha mstari kutoka mhimili wa x na kusoma mahali ncha yake ilipotua. Kwa mtaala uliozoeleka Tanzania, mwanafunzi huonyeshwa pembetatu kidato cha pili, halafu duara kidato cha nne. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, mada hii iligawanywa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Katika huo mwanya wengi hupotea, kwa sababu duara linapokuja wanaliona kama sini mpya isiyohusiana na ile ya zamani. Sini ni ileile. Kinachobadilika ni aina ya pembe unazoruhusiwa kuuliza.

Juu ya hapo kuna chaguo nyingine ndogondogo ambazo zinakula alama: kukariri au kuchora, majedwali au kikokotoo, na njia gani ya kuthibitisha aidentiti, yaani mlinganyo ulio kweli kwa kila pembe. Tunazilinganisha moja baada ya nyingine, na tunapopendelea moja tunasema hivyo.

Pembetatu mraba dhidi ya duara kizio

Njia ya pembetatu ina hatua nne. Tafuta pembe mraba. Upande unaoikabili uite haipotenusi. Kisha weka kidole kwenye pembe uliyopewa: upande ulio mbele yake ni wa mkabala, na ule uliobaki, unaoigusa, ni wa jirani. Mwisho chagua uwiano: sini ni mkabala kwa haipotenusi, kosini ni jirani kwa haipotenusi, tanjenti ni mkabala kwa jirani.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibu kazi. Haipotenusi haihami, lakini mkabala na jirani hubadilishana majina unapohamia pembe nyingine. Chukua pembetatu ya 3, 4 na 5. Kwa pembe inayokabili upande wa 3, sini ni 3/5. Kwa pembe kali ya pili, sini ni 4/5. Aliyezoea kwamba "upande uliosimama ndio mkabala" atakosa mara tu mchoro ukilazwa ubavu. Kwa hiyo andika majina ya pande kwenye mchoro kila mara, hata kama swali linaonekana jepesi.

Mfano wa kawaida: mtu amesimama mita 12 kutoka kwenye shina la mnazi, na pembe ya mwinuko kutoka machoni mwake hadi kileleni ni nyuzi 30. Tunajua jirani (12), tunatafuta mkabala, haipotenusi haimo kabisa. Uwiano usiotumia haipotenusi ni tanjenti, basi urefu = 12 × tan 30° = 12/√3 = 4√3, karibu mita 6.93. Kama macho yake yako mita 1.5 juu ya ardhi, mnazi una mita 8.43. Hiyo 1.5 husahaulika mno, na msahihishaji anaitafuta kwa makusudi.

Duara lina hatua zake. Anza kwenye mhimili wa x upande wa chanya, zunguka kinyume cha mwendo wa saa kwa kiasi cha pembe, na usome nukta (x, y) uliyofikia ukingoni. Kosini ni x, sini ni y, tanjenti ni y/x. Basi. Hakuna mkabala wala jirani wa kuchanganya, ila kuna alama za kutoa na kujumlisha za kuangalia. Duara hugawanywa robo nne za nyuzi 90. Kwa nyuzi 150 uko robo ya pili: x ni hasi, y ni chanya, na mstari wako unafanya nyuzi 30 na mhimili wa x ulio karibu; hizo 30 ndizo pembe ya rejea. Hivyo cos 150° = −√3/2 na sin 150° = 1/2. Kwa nyuzi 210 uko robo ya tatu, vyote hasi, sin 210° = −1/2. Na kwa nyuzi 90, x ni 0, kwa hiyo y/x haipo, ndiyo maana tan 90° haina thamani. Pembetatu haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu haiwezi kuwa na pembe mraba mbili.

| | Pembetatu mraba | Duara kizio |
|---|---|---|
| Pembe inazokubali | zaidi ya 0° na chini ya 90° | pembe yoyote, hata hasi |
| Inapong'aa | urefu wa mti, ngazi, mteremko | milinganyo, grafu, aidentiti |
| Kosa la kawaida | kubadilisha mkabala na jirani | kupima pembe ya rejea kutoka mhimili wa y |
| Unachohitaji kabla | nadharia ya Pythagoras, uwiano | nukta za x na y, namba hasi |

Hilo kosa la mhimili wa y lielezwe vizuri. Kwa nyuzi 150, wapo wanaotoa 150 − 90 na kupata 60, kisha wanaandika sin 150° = √3/2. Pembe ya rejea hupimwa daima kutoka mhimili wa x. Pembe uliyopewa tukiiita θ: robo ya pili 180 − θ, robo ya tatu θ − 180, robo ya nne 360 − θ. Tisini na mia mbili sabini hazina kazi hapo.

Nani aanze na nini? Watafiti Margaret Kendal na Kaye Stacey wa Australia walizilinganisha njia hizi mbili madarasani miaka ya 1990, na waliofundishwa kwa uwiano wa pembetatu walifanya vizuri zaidi kwenye kazi ya kutafuta pande na pembe. Hatushangai: kwenye duara lazima kwanza ukuze au upunguze pembetatu yako hadi haipotenusi iwe 1, na hiyo ni hatua moja zaidi ya kukosea. Kwa anayeanza, pembetatu. Lakini usingoje hadi mwaka wa mtihani kuligusa duara. Chora pembetatu hiyohiyo ndani ya duara mapema, haipotenusi ikiwa 1, uone kwamba mkabala unageuka kuwa y na jirani kuwa x. Ni kazi ya dakika kumi, na inaziba ule mwanya wa madarasa mawili.

Vifupisho vya kukariri au michoro miwili

SOHCAHTOA inajulikana kote. Tanzania wengi huiandika kama sehemu: SOTOCA juu, HAH chini, kila herufi ya chini ikigawanya jozi iliyo juu yake. Herufi hizo ni za majina ya Kiingereza ya uwiano (S sini, C kosini, T tanjenti) na ya pande (O mkabala, A jirani, H haipotenusi), na hazina ubaya. Ubaya ni kuzitumia kabla ya kuandika majina ya pande, au kuzitumia kwenye pembetatu isiyo na pembe mraba. Pembetatu ya nyuzi 50, 60 na 70 haina haipotenusi, hivyo kifupisho hicho hakina cha kusema juu yake. Hapo ni kanuni ya sini au ya kosini, ambazo hufanya kazi kwa pembetatu yoyote.

Kwa pembe maalumu (0, 30, 45, 60, 90), mambo yanavutia zaidi, maana kuna njia tatu zinazoshindana.

Jedwali la kukariri ni la haraka siku ya kwanza na la kwanza kusahaulika. Njia ya mkono ni nyepesi: gumba ni 0, kidole cha shahada 30, kidole cha kati 45, cha pete 60, cha mwisho 90. Kunja kidole cha pembe yako. Hesabu vidole vilivyobaki upande wa gumba, weka kipeuo cha pili, gawanya kwa 2: hiyo ni sini. Vilivyo upande wa kidole cha mwisho vinatoa kosini. Ukikunja cha 30, upande wa gumba kuna kimoja, √1/2 = 1/2; upande wa pili kuna vitatu, √3/2. Hatari yake ni kuanzia kidole kisicho, ukajikuta sin 30° ni √3/2. Dawa ni kukumbuka kwamba sini hukua pembe inapokua kuelekea 90, kwa hiyo sini ya 30 haiwezi kuzidi ya 60.

Njia ya tatu ni kuchora pembetatu mbili pembeni mwa karatasi. Ya kwanza: pembetatu ya pande tatu sawa zenye urefu wa 2, ikatwe katikati. Unapata pande 1, 2 na kimo √(4 − 1) = √3, na pembe 30, 60 na 90. Ya pili: nusu ya mraba wenye upande wa 1, haipotenusi √2, pembe mbili za 45. Kila uwiano wa 30, 45 na 60 unasomeka humo, pamoja na tan 60° = √3 ambayo vidole vinakutaka uipige hesabu. Sisi tunachagua michoro. Ni polepole kidogo kuliko vidole, lakini ukisahau kitu unaweza kukijenga upya, na kwenye swali linalosema "bila kutumia majedwali wala kikokotoo" mchoro wenyewe unaonyesha kazi yako.

Majedwali au kikokotoo

Hapa mtihani ndio unaoamua, si mapenzi yako. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne Tanzania kwa miaka mingi umeruhusu majedwali ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na kukataza vikokotoo. KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, imeruhusu vyote viwili, kikokotoo kisichopangiwa programu na kisichotoa sauti pamoja na majedwali ya KNEC (baraza la mitihani la Kenya), isipokuwa swali likisema vinginevyo. Soma ukurasa wa kwanza wa karatasi za karibuni za mtihani wako kabla ya kununua chochote.

Kusoma jedwali la sini kwa 34°44', yaani nyuzi 34 na dakika 44 (nyuzi moja ina dakika 60): shuka safu ya kushoto hadi 34, nenda kulia hadi chini ya 42' (safu zimepangwa kila baada ya dakika 6), unasoma 0.5693. Zimebaki dakika 2. Safu ya tofauti upande wa kulia kabisa inakupa 5, maana yake 0.0005. Jumlisha: 0.5698. Sasa kosini ya pembe hiyohiyo: chini ya 42' ni 0.8221, tofauti ya dakika 2 ni 3, na hapa *unatoa*: 0.8218. Anayejumlisha anapata 0.8224 na hajui kosa limetoka wapi. Kosini hupungua pembe inapokua, ndiyo sababu. Angalia pia kichwa cha jedwali: mengine yamegawanywa kwa dakika, mengine kwa desimali za nyuzi, na kuyachanganya ni balaa.

Kikokotoo kinakosewa kwingine. La kwanza ni hali ya pembe. Kabla ya swali lolote bonyeza sin 30. Ukiona 0.5 uko kwenye nyuzi. Ukiona −0.988 kimewekwa kwenye radiani, na 0.454 ni gradi, ambavyo ni vipimo vingine vya pembe. La pili ni kitufe cha sin⁻¹, ambacho kinarudisha pembe na si 1 ÷ sin. Anayetaka kosekanti (1/sini) abonyeze sin kwanza, halafu agawanye 1 kwa jibu. La tatu ni kugeuza desimali kuwa dakika. Ukitafuta pembe yenye tanjenti 0.75, kikokotoo kinakupa 36.87. Hiyo si 36°87'. Zidisha 0.87 kwa 60, unapata takriban 52, kwa hiyo 36°52', na ndiyo ileile utakayoipata kwenye majedwali.

Kuna jambo moja ambalo majedwali yanafundisha na kikokotoo kinalificha. Jedwali linaishia nyuzi 90. Ukitaka cos 150°, huna budi kujiambia "robo ya pili, hasi, rejea 30" kabla ya kufungua ukurasa. Kikokotoo kinakutemea −0.8660 bila maelezo. Kisha swali linapogeuka, "tafuta pembe zote kati ya 0° na 360° zenye sini 0.5", kikokotoo kinatoa 30 peke yake, na mtu wa kikokotoo anaandika 30 na kufunga. Jibu ni 30 na 150. Kwa hiyo hata kama mtihani wako unaruhusu kikokotoo, fanya mazoezi ya wiki za mwanzo kwa majedwali au kwa pembe maalumu tu.

Aidentiti: kukariri tatu au kujua moja

Aidentiti ni mlinganyo ulio kweli kwa kila pembe ambayo pande zake zote mbili zina thamani. sin θ = cos θ ni kweli kwa nyuzi 45, lakini si aidentiti. sin²θ + cos²θ = 1 ni aidentiti (sin²θ ni sini yenyewe iliyopigwa mraba).

Inapatikana kwa milango yote miwili. Kwa pembetatu: mraba wa mkabala ukijumlisha mraba wa jirani ni sawa na mraba wa haipotenusi, gawanya kila kitu kwa mraba wa haipotenusi. Kwa duara: kila nukta ya ukingoni inatimiza x² + y² = 1, na x ni kosini, y ni sini. Uthibitisho wa pembetatu unagusa pembe kali tu. Wa duara unazishika zote kwa mstari mmoja, na hapa ndipo duara linapoishinda pembetatu bila ubishi.

Mbili nyingine usizikariri. Gawanya ya kwanza kwa cos²θ: tan²θ + 1 = sec²θ. Gawanya kwa sin²θ: 1 + cot²θ = cosec²θ. Anayekariri zote tatu huishia kuandika tan² + sec² = 1; anayegawanya hawezi. Kumbuka tu kwamba sekanti (sec) ni 1/kosini na kosekanti (cosec) ni 1/sini, si kinyume chake kama majina yanavyoshawishi; kotanjenti (cot) ni 1/tanjenti.

Swali la aina ya "sin θ = 3/5, tafuta cos θ" linaweza kufanywa kwa mchoro au kwa aidentiti. Mchoro: mkabala 3, haipotenusi 5, jirani 4, kosini 4/5; sekunde chache. Aidentiti: cos²θ = 1 − 9/25 = 16/25, cos θ = ±4/5, halafu uamue alama. Kama θ ni pembe kali, mchoro ni bora. Lakini swali likisema θ ni pembe butu, jibu ni −4/5 na tanjenti ni −3/4, na mchoro hautakukumbusha. Ile ± inakulazimisha kusimama na kuuliza uko robo gani. Ukipenda mchoro, andika robo juu yake kwanza, ndipo ujaze pande.

Sasa kuthibitisha, sehemu inayoogopwa kuliko zote. Njia ni tatu hivi.

Kugeuza kila kitu kuwa sini na kosini ndiyo ya kuanzia, hasa ukiona sehemu za kujumlisha. Thibitisha kwamba sin θ/(1 + cos θ) + (1 + cos θ)/sin θ = 2/sin θ. Asili ya pamoja ni sin θ(1 + cos θ). Kiasi kinakuwa sin²θ + (1 + cos θ)², yaani sin²θ + 1 + 2cos θ + cos²θ. Sini na kosini zenye mraba zinaungana kuwa 1, unabaki na 2 + 2cos θ = 2(1 + cos θ). Mabano yanajifuta juu na chini, inabaki 2/sin θ. Kosa la hapa ni kufungua (1 + cos θ)² kuwa 1 + cos²θ. Ile 2cos θ ikipotea, mabano hayatafutika kamwe, na ukiona hayafutiki rudi ukague hapo kwanza.

Kuzidisha kwa mwenza, yaani 1 + cos θ kwa 1 − cos θ, kunafaa pale ambapo tayari kila kitu ni sini na kosini lakini hakisogei. Kuthibitisha (1 − cos θ)/sin θ = sin θ/(1 + cos θ), zidisha juu na chini ya upande wa kushoto kwa (1 + cos θ). Juu unapata 1 − cos²θ, ambayo ni sin²θ, na sini moja inajifuta. Usivushe vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama unayetafuta x. Ukivusha, umeshachukulia kwamba pande ni sawa, na hilo ndilo uliloombwa kuonyesha. Shika upande mmoja, kwa kawaida ule wenye vurugu zaidi, ushuke nao hadi ufanane na wa pili. Ukikwama, fanyia kila upande kazi yake peke yake hadi zikutane katikati.

Njia ya tatu ni kutumia aidentiti moja kwa moja bila kugeuza. Angalia sec⁴θ − tan⁴θ = sec²θ + tan²θ. Anayegeuza kuwa sini na kosini atafika, lakini atapita (1 − sin⁴θ)/cos⁴θ na mistari kadhaa. Anayeona tofauti ya miraba miwili anaandika (sec²θ − tan²θ)(sec²θ + tan²θ), anakumbuka kwamba mabano ya kwanza ni 1, na amemaliza kwa mstari mmoja. Kwa hiyo kabla ya kugeuza, angalia kama kuna vipeo vya nne au jozi ya sekanti na tanjenti.

Makosa mawili ya mwandiko yanafanana kwa wote: sin²θ kuandikwa sin θ², ambayo ni sini ya pembe iliyopigwa mraba, na sin 2θ kuchukuliwa kama 2 sin θ. Hilo la pili jaribu kwa 30: sin 60° ni 0.866, ilhali 2 sin 30° ni 1.

Kujaribu kwa namba hakuthibitishi chochote, lakini kunakamata uongo haraka, mradi uchague pembe vizuri. Anayepiga kipeuo cha pili cha sin²θ + cos²θ = 1 na kuandika sin θ + cos θ = 1 atajaribu kwa 0 na ikakubali, atajaribu kwa 90 ikakubali pia. Tumia pembe isiyo na upendeleo, kama 20: 0.342 + 0.940 ni 1.282.